Krauni Upande wa Bara

Wiki iliyopita mlinichukua mkanipeleka gereji ya Ukunda nikaone lori. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki, nikaletewa soda, nikaambiwa, "Babu, tazama tunavyofunga difu ya mbele." Nikatazama. Vijana wanne, jeki yenye magurudumu yake, bunduki ya upepo ya kukazia nati, redio inapiga kelele, na bado mkafunga mkafungua mara tatu. Mara ya kwanza mlisahau gasketi. Mara ya pili mkasahau kitambaa ndani ya tumbo la ekseli. Mara ya tatu mkaja kuniuliza, "Babu, mbona inavuja?" Mimi nikanywa soda yangu. Sikunyamaza kwa upole. Nilinyamaza kwa sababu kama ningefungua mdomo siku ile, msingenipeleka tena popote. Leo nimetulia kidogo, basi nawaandikia, na atakayechoka kusoma akachezee hiyo bunduki yake.

Kazi yangu ya kwanza ya spana niliifanyia kwenye kiwanda cha kupasua mbao, bara kidogo ya Msambweni. Kiwanda chenyewe kilikufa zamani, hata mabati yake yamekwisha kuezekea nyumba za watu. Miaka ya hamsini kilikuwa na lori moja lililokuwa jeshini wakati wa vita vya Wazungu, zito, pua fupi, linavuta magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tulilipa jina la Shangazi, kwa kuwa lilibeba mizigo ya watu wote na halikuacha kulalamika njia nzima. Kiangazi, Shangazi alikwenda kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Masika, udongo mweusi wa kule kuelekea Lunga Lunga ukishageuka uji, dereva alivuta mkono wa pili chini ya kiti, magurudumu ya mbele yakaanza kuvuta nayo, na magogo yakatoka msituni. Bila difu ya mbele, lile bonge la meno katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu, hapakuwa na magogo, na bila magogo msumeno ulisimama na watu wote wakakaa.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Gurdial. Watu walimwita Kalasinga, kama walivyowaita wote wa kilemba, lakini mimi hata leo naona haya kumtaja bila kutanguliza Fundi. Alikuwa mtu wa maneno machache na karaha nyingi. Ukimletea spana namba sita na amekuagiza namba saba, hakukutukana. Aliitazama, akakutazama, akainuka mwenyewe kwenda kuichukua, polepole, ili aibu ikuingie vizuri. Alinusa oili kabla ya kuigusa. Alikuwa akitia kidole kwenye tundu la difu, anakinusa, anasema, "Maji," na kweli ukifungua unakuta oili imekuwa nyeupe kama maziwa. Mimi nilinusa mwaka mzima nisisikie kitu ila oili.

Yeye ndiye aliyenifundisha gasketi. Nyinyi mnanunua ya dukani, imekatwa tayari, na bado mnaisahau. Sisi tulichukua mfuko wa saruji, tukaukung'uta, tukatoa karatasi ya ndani iliyo safi, tukailaza juu ya uso wa difu na kuigongagonga pembeni kwa kichwa cha nyundo ndogo mpaka ukingo wa chuma uikate wenyewe. Mashimo ya boliti vilevile. Halafu inalowekwa kwenye oili tangu asubuhi hadi alasiri. Ukiharakisha ukaifunga kavu, itanyonya oili baadaye na kulegea, na nati zako zote zitalegea nayo. Nilifunga moja kavu. Mara moja tu. Fundi Gurdial alinifungulisha difu nzima, akaniweka nikae karibu na karatasi ndani ya sinia la oili, nikiitazama inavyoloa, mpaka watu wakaanza kuniuliza kama navua samaki humo.

Sasa difu ya mbele si kama ya nyuma. Ya nyuma unaweza kupitisha mnyororo juu, ukaitundika kwenye boriti, ikashuka na kupanda kwa raha zake. Ya mbele iko chini ya injini. Juu hakuna nafasi, kote vyuma. Uzito wake ni gunia la mahindi, na inapandishwa kutoka shimoni, mtu amesimama chini ya lori, shingo imepinda, oili inamdondokea jichoni. Kwanza unatoa magurudumu yote mawili, ngoma za breki, habu, halafu unavuta shafti za ndani kila upande mpaka ziachane na difu, maana usipozitoa difu haitoki hata uilie. Ndipo unafungua nati kumi zilizoizunguka na kuiteremsha juu ya ubao uliokaa juu ya jeki.

Kuirudisha ndiko kwenye ufundi. Tafuta boliti mbili ndefu, kata vichwa vyake kwa msumeno, zizungushe kwenye matundu mawili ya juu zikae kama vidole viwili vilivyonyooka. Difu ikipanda inavikuta vile vidole, inateleza juu yake hadi mahali pake, na gasketi haichaniki. Tena usikaze nati kwa kufuatana. Kaza moja, ruka kwenda ya mkabala wake, kaza, rudi. Nilipowaona Ukunda mnakaza kwa kuzunguka kama watu wanaofunga mdomo wa gunia, nilisema astaghfirullah kimoyomoyo na nikamaliza soda.

Jambo la mwisho Fundi Gurdial alilisema kila mara, mpaka nikawa simsikii tena. Kabla hujateremsha lori, inua gurudumu moja la mbele, shika kichwa cha difu pale inapoingia propela, ile fimbo ndefu inayoleta nguvu kutoka kwenye injini, zungusha kwa mkono upande wa kwenda mbele, na utazame gurudumu linaelekea wapi. Basi. Kazi ya dakika mbili. Alisema, "Mkono kwanza, injini baadaye," na mimi nikajibu, "Ndiyo, Fundi," huku nikiwazia chakula cha mchana.

Kuna kitu lazima niwaeleze, maana nyinyi wa siku hizi mmezoea kusema kushoto na kulia. Sisi hatukusema hivyo. Kwetu kulikuwa na bara na pwani. Mtu akitaka usogee kitandani alikwambia, "Sogea bara." Mama yangu alinitoa mwiba akisema, "Nipe mguu wa pwani." Hata sahani ya wali ilikuwa na upande wake wa bara. Na kazini tulifanya hivyo hivyo, na wala si kwa ujinga. Ukiwa umelala chali chini ya lori, mwenzako amesimama shimoni anakutazama, na wa tatu yuko juu ya bampa, kushoto kwako ni kulia kwa nani? Lakini bara ni bara, umelala, umesimama, umepinduka. Fundi Gurdial alichukia. Alisema lori lina kushoto na kulia kwake, halijui bahari. Sisi tukacheka. Banda letu lilikuwa na mlango wa lori mmoja tu, upande wa kusini, na kila lori liliingia juu ya shimo pua ikitazama kaskazini, kwenda Likoni. Kwa hiyo dereva alikaa pwani, na lile gurudumu kubwa la meno lililo ndani ya difu, tuliloliita krauni, lilikaa bara. Nilifunga na kufungua difu na Fundi Gurdial mara nyingi, na kila mara neno letu lilikuwa hilo: krauni bara.

Mwaka huo masika yalikuja kwa hasira. Maji ya mvua yalichimba njia ya mlango wa kusini mpaka ukawa korongo. Meneja, Mzungu mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Miwani, akaamuru ukuta wa mabati wa upande wa kaskazini ubomolewe ili Shangazi aingilie huko. Wiki hiyohiyo difu yake ya mbele ikavunjika meno. Fundi Gurdial akachukua difu ya lori lililokufa Mombasa, akaipanga mezani kwa mikono yake, akapaka meno rangi nyekundu iliyochanganywa na oili, akaizungusha, akasoma alama, akatia na kutoa vipande vya bati vyembamba mpaka krauni na pinioni, lile gurudumu dogo la meno linaloizungusha, zikaumana alivyotaka. Siku mbili za kazi hiyo, hasemi na mtu. Halafu ikaja simu ya upepo kutoka Nairobi: binti wa dada yake anaolewa, na harusi ilikuwa imesogezwa mbele.

Alinipeleka mbele ya meneja. Alisema, "Hamisi ataifunga. Ikifanya kazi, mwandike fundi." Mjue maana yake. Katika kiwanda kile hapakuwa na mtu wa kwetu aliyeandikwa fundi. Tulikuwa watu wa girisi, hata mwenye mvi. Bwana Miwani akasema, "Sawa. Ikikosea, yeye girisi mpaka mwisho." Fundi Gurdial akapanda lori la mbao kwenda Likoni, na kabla ya kuondoka akanishika bega akasema lile neno lake la mkono kwanza. Nikajibu, "Ndiyo, Fundi."

Msaidizi wangu alikuwa Mutua, Mkamba wa Lukore huko Shimba Hills, mwanamume wa umri wangu, mwenye nguvu na maswali. Siku hiyo tuliipandisha difu kwa ubao na jeki, vidole viwili viko mahali pake, gasketi imelowa tangu asubuhi. Mutua yuko shimoni ameikumbatia, anahema.

"Fundi, krauni inakaa wapi?"

"Bara."

"Bara ni upande wa dereva au ule mwingine?"

Hapo ndipo nilipopandwa na karaha. Nilikuwa nimeitwa fundi kwa mara ya kwanza na tayari naulizwa maswali ya mtoto. "Mutua, bara ni bara! Kwani imehama?"

"Mimi kwetu bahari haionekani," akasema kwa upole, "nauliza tu."

"Bahari ile pale, bara kule. Geuza krauni kule, tufunge."

Akageuza. Ilibidi difu iviringishwe, ya juu ikawa chini, ili krauni iende nilikomwonyesha. Ile difu ilikuwa na matundu kumi yaliyolingana duara lote, ikakubali bila ubishi. Hilo ndilo ninalolichukia hadi leo. Ingegoma, ingekwama hata tundu moja, ningesimama nikafikiri. Lakini iliteleza kwenye vidole vyangu hadi mahali pake, taratibu, na mimi nikajipongeza. Shangazi alikuwa ameingilia kaskazini. Pua yake ilitazama Lunga Lunga. Dereva sasa alikaa bara, na krauni niliyoiweka bara ilikuwa upande usio wake.

Nyinyi wenye akili mmeshaelewa. Kwa asiyeelewa: krauni ikikaa upande usio wake, propela ikizunguka kwenda mbele, magurudumu yanazunguka kwenda nyuma. Magurudumu ya nyuma yanasukuma kwenda msituni, ya mbele yanasukuma kurudi kiwandani.

Tukiwa tunakaza gurudumu la mwisho, Bwana Miwani akaja kusimama ukingoni mwa shimo, ameshika saa. "Tayari?" Lori lilikuwa bado juu ya jeki. Dakika mbili tu. Nilimtazama, nikaona akinitazama mimi, mtu wa girisi anayetaka kuwa fundi, na sikutaka anione nikizungusha kwa mkono kama mtu asiyejiamini. Nikasema, "Tayari, Bwana." Nikateremsha jeki.

Barabarani Shangazi alikwenda vizuri mno. Bila shaka alikwenda! Barabara kavu dereva havuti ule mkono wa pili, magurudumu ya mbele yanajiendea tu. Dereva wetu Omari, mtu wa Kinondo, alimzungusha mpaka njia kuu na kurudi, akashuka anacheka. "Mashaallah, Hamisi. Kimya kabisa." Siku hiyo nililala fundi.

Omari alikuwa dereva mzuri mwenye mkono mzito, na Bwana Miwani alikuwa amekwisha kumwonya mara mbili asivute ule mkono wa pili wakati magurudumu yanateleza. Unatakiwa usimame kwanza, uvute, ndipo uondoke. Jumatatu alipakia magogo manne, akafika penye tope, magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza, naye, kwa haraka, akavuta mkono bila kusimama. Shangazi alitetemeka, akapiga kelele, akachimba, akakaa kwenye tope mpaka tumbo. Omari akazidisha mafuta. Kikalia chuma, na propela ya mbele ikakatika kwenye krosi yake, kile kiungo chenye umbo la msalaba.

Jumanne asubuhi meneja alikwenda kule kwa trekta, akaiona krosi iliyokatika, akamuuliza Omari: "Ulisimama kwanza?" Omari hakuwa mwongo. Akasema hapana. Akaachishwa kazi pale pale kwenye tope, na kuambiwa nyumba ya kampuni iwe wazi kabla ya Ijumaa. Mke wake, Mwanasiti, alikuwa amejifungua wiki mbili tu. Nyinyi mnajua arobaini ni nini. Mama na mtoto hawatoki nje, mwanamke analala karibu na moto, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, hata mlango haachiwi wazi upepo uingie. Na huyu alikuwa atolewe na mvua ya masika pamoja na kitoto cha wiki mbili, atembezwe hadi Kinondo.

Mimi na Mutua tulipelekwa na krosi mpya. Adhuhuri ya Jumanne tulikuwa tumeshusha magogo, tumeweka magamba ya mti chini ya jeki, gurudumu moja la mbele liko juu. Propela imetoka, kichwa cha difu kiko wazi mbele yangu. Nikakishika nikifute tope, na mkono, bila mimi kuutuma, ukakizungusha upande wa kwenda mbele.

Gurudumu likarudi nyuma.

Nikazungusha tena. Likarudi nyuma tena. Mutua alikuwa amechuchumaa upande wa pili, macho kwenye gurudumu. Akasema, "Fundi, hili linataka kwenda nyumbani."

Niliketi kwenye tope. Niliona yote kwa mara moja: mlango wa kaskazini, pua inayotazama Lunga Lunga, swali la Mutua, saa mkononi mwa meneja. Nilimkasirikia Mutua kwa kuuliza na kwa kutouliza tena. Nilimkasirikia Fundi Gurdial na harusi yao. Nikaikasirikia hata mvua. Mtu mwenye kosa ana hasira za kugawia dunia nzima, na bado zinabaki.

"Tuigeuze," nikasema.

"Na Omari?" akauliza Mutua.

"Nitasema lori likitoka."

Tulichimba shimo chini ya ekseli kwa majembe, maji yakawa yanaingia, tunayachota kwa debe, yanaingia tena. Tukatoa magurudumu, habu, shafti, nati kumi. Tukaigeuza difu ile ndani ya tope, mimi nimeilalia kwa kifua, Mutua anaisukuma kwa mabega. Tulifanya Jumanne hadi giza, Jumatano kutwa. Safari hii nilizungusha kwa mkono. Nilizungusha mara kumi, kama mtu anayejiadhibu. Alhamisi mchana Shangazi alijitoa topeni kwa magurudumu yote sita, tukampakia tena, akapanda kilima na magogo yake, na nikamwendesha mimi mwenyewe hadi kiwandani, kwa sababu dereva hakuwapo.

Bwana Miwani alitoka ofisini. Alinipa mkono, mara ya kwanza na ya mwisho. Alikuwa na karatasi ya kuniandika fundi mfukoni, akaipigapiga kwa kidole. "Kazi nzuri, fundi. Mimi nilisema ni dereva." Watu walisimama wote: wa msumeno, wa girisi, wazee wa kwetu ambao hawajawahi kuona mmoja wao akiitwa hivyo na meneja. Mutua alinitazama. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Asante, Bwana." Nawaambia hivi kwa kuwa nimeahidi kuwaambia kazi ilivyokuwa, na hii nayo ilikuwa kazi yangu.

Fundi Gurdial aliporudi kutoka harusini nilimsimulia yote mimi mwenyewe, sikungoja asikie kwa watu. Aliuliza swali moja: "Ulizungusha kwa mkono?" Nikasema sikuzungusha. Akasema, "Basi hukufunga difu. Ulikaza nati." Akaenda zake kwenye meza. Wiki nzima hakunituma kitu, akawa anajichukulia spana mwenyewe. Baadaye alichukua patasi, akapiga alama juu ya kila difu ya kiwanda, na mpaka mwisho wa kazi yake hakuruhusu mtu ataje bara wala pwani ndani ya banda. Miaka miwili nilikaa kwenye girisi. Miwili, na ilinistahili, na nilinung'unika kila siku yake.

Lakini hiyo Alhamisi sijaimaliza. Baada ya kupewa mkono nilitoka kwenda msikitini kuswali alasiri, na njia inapita kwenye nyumba za kampuni. Omari alikuwa nje ya mlango wake, anafungua kitanda cha kamba, vipande vyake ameviegemeza ukutani chini ya upenu, mvua nyepesi inanyesha. Aliponiona aliacha kazi, akanijia mikono miwili mbele.

"Ndugu yangu Hamisi, nilikuwa ninakutafuta. Nimesikia umelitoa. Siku tatu umelala topeni kwa ajili ya mkono wangu huu mzito. Nilikuvunjia kazi yako, na wewe ndiyo kwanza ulikuwa unapewa jina. Niwie radhi, kaka. Nisiondoke hapa na kinyongo chako."

Wallahi, niligeuka nikarudi nilikotoka, nusu natembea nusu nakimbia, na nadhani alidhani nimekataa kumsamehe. Niliingia ofisini bila kubisha hodi, nina tope mpaka kifuani, nikamwambia Bwana Miwani kwamba difu niliifunga kichwa chini, kwamba hata angesimama kwanza, hata angekuwa malaika kwenye usukani, ile krosi ingekatika. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaitoa ile karatasi mfukoni, akaichana mara mbili, akaitia kwenye pipa la taka. "Mwambie Omari aje kazini kesho," akasema. "Wewe chukua kopo la girisi."

Nilirudi kwa Omari nikiwa mwepesi. Niwaambie ukweli, nilirudi nikitazamia kukumbatiwa. Nilikuwa nimepoteza jina langu kwa ajili yake, na nikaona ninastahili angalau kikombe cha chai. Nikamweleza yote, mlango wa kaskazini, krauni, magurudumu yaliyokuwa yakirudi nyuma, na kwamba kesho aende kazini na nyumba ni yake. Ndani nilimsikia mtoto akilia kidogo, na Mwanasiti akimbembeleza ili asikie.

Omari alifuta mvua usoni. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uliijua lini?"

"Nini?"

"Hiyo difu. Kwamba ni wewe. Uliijua lini?"

"Jumanne. Adhuhuri."

Alitazama vipande vya kitanda, akaanza kuviokota kimoja kimoja na kuviingiza ndani, na mimi nikainama nishike mguu mmoja nimsaidie, naye akauchukua mkononi mwangu, taratibu, bila kunivuta.

"Leo Alhamisi, Hamisi," akasema, na akafunga mlango ili upepo usiingie.